Majarida ya kitaaluma na nafasi yake katika uchunguzi wa dini Afrika

NENO dini limezoeleka mno vinywani mwetu hivi kwamba ni nadra mtu kusita na kujiuliza lina maana gani. Mtoto hufunzwa dini nyumbani, kisha katika madrasa, kanisani au hekaluni. Akifika shuleni huikuta tena katika ratiba ya masomo kwa majina ya CRE, IRE na HRE.

Hayo ni mafunzo ya dini, na lengo lake ni kumlea muumini. Ipo hata hivyo njia nyingine ya kuikabili dini, ambayo haimdai mtu aamini wala asiamini. Humtaka achunguze waumini husema nini, hutenda nini, walianza lini, wamebadilika vipi na kwa sababu zipi, kisha aweke ushahidi wake mezani ili wengine waupime.

Njia hii ya pili ndiyo inayoitwa taaluma ya dini, na meza yenyewe ni jarida la kitaaluma. Makala haya yanaeleza chombo hicho ni kipi, kilitoka wapi, kilifikaje katika Afrika Mashariki, na kwa nini yanayoandikwa humo humgusa hata mtu asiyewahi kulisoma.

Jarida la kitaaluma ni nini?

Jarida la kitaaluma ni chapisho linalotoka kwa vipindi maalumu, aghalabu mara mbili au nne kwa mwaka, likiwa na makala za utafiti. Tofauti yake na gazeti au jarida la burudani haiko katika ugumu wa lugha, bali katika njia ambayo makala hupitia kabla ya kuchapishwa.

Mtafiti anapowasilisha mswada, mhariri huusoma na kuamua iwapo unastahili kuendelea. Ukistahili, huupeleka kwa wahakiki wawili au zaidi ambao ni mabingwa wa uwanja huo huo. Katika majarida mengi wahakiki hawaambiwi jina la mwandishi, naye mwandishi haambiwi majina yao. Kusudi la kufichana huku ni kuzuia urafiki, uhasama au sifa ya mtu kuamua hatima ya kazi yake.

Wahakiki hupendekeza mswada ukubaliwe, urekebishwe au ukataliwe. Safari hiyo huweza kuchukua miezi mingi, na wakati mwingine zaidi ya mwaka mmoja. Makala inapotoka, mjadala haufungwi. Msomi mwingine anaweza kuijibu katika toleo linalofuata, naye wa tatu akawapinga wote wawili.

Katika taaluma ya dini utaratibu huu una uzito wa pekee. Mwandishi anaweza kuwa padri, sheikh, mchungaji au mtu asiye na dini yoyote. Jarida halimuulizi imani yake. Humuuliza ushahidi wake ni upi, na iwapo mtu wa imani nyingine akiufuata ushahidi huo anaweza kuona jinsi alivyofikia hitimisho lake.

Chimbuko la taaluma yenyewe

Wanahistoria wengi wa taaluma hii humtaja Friedrich Max Müller, Mjerumani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Oxford, kuwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka wa 1870 alitoa mihadhara jijini London akitetea kuwepo kwa sayansi ya dini. Hoja yake ilikuwa kwamba dini haiwezi kueleweka barabara bila kulinganishwa na nyingine, sawa na vile mwanaisimu hulinganisha lugha. Kuanzia 1879 alisimamia tafsiri za vitabu vitakatifu vya Mashariki, mradi uliofikia majuzuu 50 na kukamilika mwaka wa 1910, miaka kumi baada ya kifo chake.

Nchini Uholanzi, sheria ya elimu ya juu ya 1876 ilifungua mlango wa kuanzishwa kwa nafasi za uprofesa wa historia ya dini. C.P. Tiele aliteuliwa Leiden mwaka wa 1877. Miaka mitatu baadaye, mnamo 1880, jarida la Revue de l'histoire des religions lilianzishwa jijini Paris. Wajerumani walifuata mwaka wa 1898 kwa jarida lao la Archiv für Religionswissenschaft.

Si kila jarida lilianza kwa nia ya kitaaluma. The Moslem World, kwa mfano, lilianzishwa mwaka wa 1911 na mmishonari Samuel Zwemer, shabaha yake ikiwa kuwasaidia wamishonari waliohubiri katika nchi za Kiislamu. Kadiri miaka ilivyopita, jarida hilo liligeuka kuwa uwanja wa utafiti kuhusu Uislamu na uhusiano wa Waislamu na Wakristo. Jina pia lilibadilika, nalo leo huitwa The Muslim World. Historia yake ni kumbusho kwamba msomaji wa toleo la kale anapaswa kuuliza liliandikwa kwa ajili ya nani.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, wasomi walikutana Amsterdam mwaka wa 1950 na kuunda chama cha kimataifa cha historia ya dini, kinachojulikana kwa kifupi kama IAHR. Jarida la chama hicho, Numen, lilianza mwaka wa 1954 chini ya uhariri wa Raffaele Pettazzoni wa Italia. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha History of Religions mwaka wa 1961, miongoni mwa wahariri waanzilishi akiwa Mircea Eliade, msomi mzaliwa wa Romania.

Nchini Marekani mahakama pia ilichangia. Mwaka wa 1963 Mahakama ya Juu ilipiga marufuku usomaji wa Biblia kama ibada katika shule za umma. Katika uamuzi huo huo ilieleza kwamba kuichunguza dini kama sehemu ya elimu si kosa. Tofauti baina ya kufundisha dini na kufundisha kuhusu dini ikapata nguvu, na idara za taaluma hiyo zikaongezeka katika vyuo vya umma.

Afrika yaingia uwanjani

Kwa muda mrefu habari za dini za Waafrika zilikuwa zikiandikwa na wamishonari, maafisa wa kikoloni na wanaanthropolojia. Baadhi yao waliandika kwa uangalifu mkubwa. Wengine walitumia maneno kama vile ushenzi na uchawi hata pale walipokuwa wakieleza sala, tambiko la mvua au mazishi.

Mabadiliko yalianza vyuo vikuu vilipofunguliwa barani. Geoffrey Parrinder, Mwingereza, alianza kufundisha Ibadan, Nigeria, mwaka wa 1949, na kitabu chake cha 1954 kilisaidia kueneza istilahi ya dini ya jadi ya Kiafrika. Huko Makerere, Uganda, lilitolewa katika miaka ya 1960 jarida lililopewa jina la Kiswahili, Dini na Mila.

Mwaka wa 1967 ulikuwa wa mavuno. Ibadan ilianzisha Orita, jina la Kiyoruba lenye maana ya njia panda. Mwaka huo huo Andrew Walls, aliyekuwa amefundisha Sierra Leone na Nigeria, alianzisha Journal of Religion in Africa, linalochapishwa na kampuni ya Brill ya Leiden. Hilo limebaki kuwa miongoni mwa majarida makuu ya uwanja huu hadi leo.

Kenya nayo ilikuwa shamba la utafiti. Mwaka wa 1966, F.B. Welbourn na mwanahistoria Bethwell Ogot walitoa kitabu kuhusu makanisa mawili huru ya magharibi mwa Kenya. Miaka miwili baadaye David Barrett, aliyekuwa na makao yake Nairobi, alichapisha uchunguzi wa vuguvugu za kidini zipatazo 6,000 barani. Wanahistoria Terence Ranger na Isaria Kimambo walihariri kitabu kuhusu historia ya dini za Afrika kilichotoka mwaka wa 1972, kutokana na mkutano uliofanyika Dar es Salaam mwaka wa 1970.

Kazi hizo za mwisho zilivunja dhana moja kongwe. Ilikuwa imeaminika kwamba dini za jadi hazina historia, yaani zilikuwa vilevile tangu azali hadi wageni walipofika. Watafiti walionyesha kwamba madhehebu ya mizimu, mvua na uganga yalianzishwa, yakasambaa, yakashindana na mengine yakafa, kama ilivyo kwa dini yoyote duniani.

Mjadala wa Sasa na Zamani

Mfano bora wa jinsi hoja inavyopimwa unatokana na msomi wa Kenya. John Mbiti, aliyezaliwa Kitui mwaka wa 1931 na kufariki Uswisi mwaka wa 2019, alifundisha Makerere kwa mwongo mmoja kuanzia 1964. Mwaka wa 1969 alichapisha African Religions and Philosophy, kitabu kilichosomwa kote duniani.

Humo Mbiti alidai kwamba katika fikra za jadi za Kiafrika wakati una pande mbili, akazipa majina ya Kiswahili: Sasa na Zamani. Sasa ni kipindi kifupi anachokiishi mtu, pamoja na yaliyopita karibuni na yanayokaribia kutokea. Zamani ni bahari pana ambamo kila tukio hatimaye huzama. Wakati ujao wa mbali, alisema, haukuwepo takribani kabisa. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa nyakati za vitenzi katika Kikamba na Gikuyu.

Hoja hiyo ilizua mjadala uliodumu miongo kadhaa katika vitabu na majarida. Mwaka wa 1977 John Parratt aliijadili katika jarida la Religion la Uingereza. Mwanafalsafa wa Ghana, Kwame Gyekye, alitumia lugha ya Kiakan mwaka wa 1987 kuonyesha kwamba dhana ya wakati ujao ipo wazi. Wengine waliuliza iwapo lugha mbili za Kenya zinaweza kuwa shahidi wa bara zima.

Hata msomaji wa Kiswahili anaweza kushiriki. Lugha tuliyopewa majina ya Sasa na Zamani ina pia kesho, kesho kutwa, mtondo na mtondogoo, maneno yanayohesabu siku zijazo moja baada ya nyingine. Je, siku hizo nne zinampinga Mbiti, au zinamuunga mkono kwa kuwa bado ni wakati wa karibu? Swali la aina hiyo ndilo linalofaa kujibiwa kwa utafiti.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Mbiti hakupoteza heshima kwa kupingwa. Kitabu chake kingali kinasomwa. Waliompinga walilazimika kujifunza lugha zao upya, na elimu ikasonga mbele.

Swali lililompa Mungu jina

Mshairi na msomi wa Uganda, Okot p'Bitek, aliyefundisha pia Chuo Kikuu cha Nairobi, alikuwa mkali zaidi. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka wa 1970 aliwashutumu wasomi wa Kimagharibi na pia Waafrika wenzake, Mbiti akiwemo. Alisema walikuwa wameivika miungu ya Afrika mavazi ya Kigiriki ili ifanane na Mungu wa wanatheolojia.

Alisimulia kisa cha mwaka wa 1911, ambapo wamishonari waliwauliza wazee wa Acholi ni nani aliyewaumba. Lugha yao haikuwa na dhana ya kuumba iliyokusudiwa, hivyo swali lilitafsiriwa kwa maana ya kufinyanga. Wazee walishangaa, kwani mtu huzaliwa na mamaye. Waliposhinikizwa, mmoja alikumbuka kwamba mtu akipatwa na ugonjwa unaopinda uti wa mgongo huwa kana kwamba amefinyangwa upya, na pepo anayedhaniwa kuuleta huitwa Rubanga. Alijibu kwamba Rubanga ndiye afinyangaye watu. Jina hilo likaingia katika mafundisho ya kanisa kuwa jina la Mungu.

Tatizo la tafsiri halikuishia Acholi. Neno dini lenyewe lilitoka katika Kiarabu, likaingia Kiswahili na kutoka pwani likasafiri bara. Wagikuyu wanalo kama ndini. Tambiko, kiapo, tohara na ibada ya mababu vilikuwepo kabla ya neno hilo kufika. Je, vikusanywe chini ya jina hilo moja au viachwe na majina yake?

Hata kiunganishi kina uzito. Parrinder aliandika juu ya dini ya jadi kwa umoja, ilhali anwani ya Mbiti ilitaja dini kwa wingi. Katika Kiswahili umbo la nomino halibadiliki. Tofauti yote imebebwa na herufi moja, kati ya ya na za, lakini nyuma yake kuna swali kubwa: je, Waafrika wana dini moja yenye sura nyingi, au kila jamii ina yake?

Maelezo yanapokuwa na gharama

Huenda msomaji akasema hayo ni mabishano ya maprofesa. Historia ya Kenya inaonyesha vinginevyo. Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa miongoni mwa Wabukusu, alikamatwa mwaka wa 1945 na kupelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Mwaka wa 1948 serikali ya kikoloni iliipiga marufuku dini yake.

Machoni pa maafisa, wafuasi wake walikuwa wendawazimu au waasi. Watafiti wa baadaye, akiwemo Audrey Wipper katika kitabu cha 1977, waliwachunguza kama watu waliokuwa na malalamiko juu ya ardhi, kazi na mila zao, na waliotumia lugha ya dini kuyasema. Maelezo hayo hayakumfutia Masinde miaka aliyofungiwa. Yaliwapa wajukuu wa wafuasi wake njia ya kujisoma bila aibu.

Upande wa pili wa sarafu ulionekana mwaka wa 2023, miili ya watu zaidi ya 400 ilipofukuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi, wengi wao wakiaminika kufa njaa kwa mafundisho ya kufunga. Serikali iliunda jopokazi la kuchunguza mfumo wa kusimamia mashirika ya kidini. Taifa zima lilijikuta likiuliza maswali ya taaluma hii: kanisa ni nini, mhubiri hupata vipi mamlaka juu ya uhai wa wafuasi, na ni wapi uhuru wa kuabudu unapokoma?

Maswali hayo hayajibiwi vyema na mimbari pekee wala polisi pekee. Yanahitaji watu waliokaa na waumini, wakawasikiliza, wakaandika walichoona na kukubali kukosolewa.

Vikwazo vilivyopo

Wasomi wa Afrika walikutana Harare mwaka wa 1992 na kuunda chama chao cha uchunguzi wa dini, AASR. Mwaka wa 2000 kongamano kuu la IAHR lilifanyika Durban, mara ya kwanza kwa kongamano hilo kuandaliwa barani Afrika. Hatua hizo zilikuwa kubwa, lakini njia bado ina miiba.

Kikwazo cha kwanza ni gharama. Makala nyingi kuhusu vijiji vyetu zimefungiwa katika majarida ya kulipiwa yanayomilikiwa na kampuni za Ulaya na Marekani. Maktaba za vyuo vya Kenya hununua usajili kwa pamoja kupitia muungano wao, lakini mwalimu wa shule ya upili au imamu wa mtaani hana mlango huo. Baadhi ya majarida yanayosomwa bure nayo humtoza mwandishi mamia au hata maelfu ya dola.

Nafuu kiasi ilipatikana mwaka wa 1998 ulipoanzishwa mradi wa African Journals Online, unaoweka majarida ya Afrika katika intaneti. Una makao yake Afrika Kusini.

Kikwazo cha pili ni majarida ghushi. Vigezo vilivyotolewa mwaka wa 2014 na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu nchini Kenya vilitaka anayetafuta kupandishwa cheo awe na machapisho katika majarida yaliyohakikiwa. Shinikizo kama hilo lipo duniani kote, na wajanja wameligeuza biashara. Huchapisha chochote kwa ada, pasipo uhakiki.

Namna ya kulipima jarida

Kwa mwanafunzi au mwalimu anayetaka kutumia makala, dalili zifuatazo zinafaa:

Kwanza, atazame jopo la wahariri. Je, ni watu wanaofahamika katika taaluma, na vyuo wanavyotajwa kutoka vinawatambua?

Pili, achunguze muda. Jarida linaloahidi kuhakiki na kuchapisha kwa siku tatu halihakiki.

Tatu, asidanganywe na namba ya ISSN. Namba hiyo hutambulisha chapisho tu, wala si cheti cha ubora.

Nne, aangalie mada. Jarida linalochapisha makala za dini, uhandisi na kilimo cha samaki katika toleo moja linahitaji kutiliwa shaka.

Tano, aisome makala yenyewe. Mwandishi alizungumza na nani, kwa lugha gani, lini, na je, waumini anaowaeleza wangejitambua katika maneno yake? Hata jarida lenye sifa kubwa huweza kuchapisha kazi dhaifu.

Kiswahili kiko wapi?

Kiswahili kilimpa Mbiti istilahi mbili mashuhuri na kikaipa Makerere anwani ya jarida. Hata hivyo, sehemu kubwa ya utafiti kuhusu dini za Wakenya huandikwa kwa Kiingereza. Watu wanaochunguzwa huzungumza na mtafiti kwa Kiswahili au lugha za mama, maneno yao hutafsiriwa, na makala inapotoka huwa imefungwa mara mbili: kwa lugha na kwa bei.

Majarida ya Kiswahili yapo, lakini mengi yamejikita katika lugha na fasihi. Huko ndiko tenzi za kidini na maandishi ya masheikh wa pwani yamechunguzwa kwa kina zaidi. Mtafiti anayetaka kuandika kwa Kiswahili kuhusu makanisa ya kiroho, matambiko ya Kaya za Wamijikenda au hekalu za Wahindu wa Mombasa hulazimika kuanza kwa kutafuta istilahi.

Hicho si kisingizio cha kutoanza. Mzee wa Acholi aliulizwa swali kwa maneno yasiyokuwa yake, na jibu lake likabeba maana asiyoikusudia. Mtafiti anayeuliza na kuandika kwa lugha inayoeleweka na anaowauliza huwapa nafasi ya kusoma alichokiandika na kumwambia, pale inapobidi, kwamba hakuwasikia sawasawa.